Galaksi za Rwegasira

Bernadina aliinua picha nyingine, akaisogeza karibu na uso wa mumewe.

"Na hii, Baba Kristofa? Katikati inang'aa kama kaa la moto. Inazunguka kwa kasi, siyo?"

Bernadina akaiweka kulia, akafukuza nzi usoni kwa Rwegasira, akamvutia blanketi. Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake.

Mumewe ndiye aliyemfundisha, kila alipotoka masomo ya jioni. Galaksi zenye umbo la yai, yale makundi makubwa ya nyota, hazifanani. Ile ambayo mwanga wake unazidi kuwa mkali hadi katikati huzunguka upesi. Ile ambayo katikati yake imetandaa, kama uji uliomwagika, hujivuta taratibu mno. Chuoni walishapima mizunguko. Walimsubiri Rwegasira tu atenganishe picha kwa mwanga, wapate kulinganisha.

"Nataka mtoto aje akute jina langu kitabuni," alisema jana, "si msalabani tu."

Mlango uligongwa. Mama mkwe.

"Mwanangu amekunywa chai?"

"Bado, waitu mama," Bernadina alijibu kwa heshima. "Amepata usingizi. Tumwache kidogo."

"Na wewe unaongea na nani?"

"Na yeye. Anapenda nimsomee."

"Haya makaratasi yatamuua kabla ya ugonjwa!"

Nyayo zikaondoka. Bernadina aliendelea kupanga. Shemeji yake Mushumbusi alipofariki mwaka jana, yowe la kwanza halijaisha, ndugu walikuwa wameshajaa chumbani. Kila alichokigusa kilichomwa mgombani kwa kuogopa ugonjwa huohuo uliomlaza Rwegasira: godoro, shuka, hata vyeti vya shule.

Honi ikalia barabarani. Alikuwa Shaban aliyemsubiri, na pikapu yake ya kupeleka ndizi Bukoba.

Ilibaki picha moja. Aliitazama, machozi yakamziba macho.

"Imetandaa hii, au macho yangu? Nisaidie basi, mume wangu."

"Taratibu," akajijibu, akaiweka kushoto. Akafunga mafungu mawili, akatia kwenye bahasha, akatoka mbio.

"Vipi mgonjwa, shemeji?" Shaban aliuliza.

"Amemaliza kazi yake. Mfikishie Mustapha wa chuoni, pale Miembeni. Mkononi, Shaban!"

"Ondoa shaka."

Alisimama hadi pikapu ilipopotea nyuma ya kilima cha Ijumbi. Kisha akarudi uani, akavua kitambaa kichwani, akapiga yowe alilokuwa amelimeza tangu alfajiri.