Herufi ya Saba

Mzee Shekuwe alikusanya kamusi ya lugha ya mama yake kwa miaka ishirini. Binti yake, Mwanahalima, aliipanga kwenye kompyuta na kubuni amri za kuchapa herufi ambazo lugha nyingine hazina. Mwanahalima alifariki kabla kitabu hakijatoka.

Asubuhi hiyo Tunu, mpanga kurasa wa kiwanda cha uchapaji, alisasisha programu na kuifungua kamusi, Mzee Shekuwe akiwa ameketi kando yake. Kila palipokuwa na herufi za Mwanahalima palibaki kijisanduku kitupu.

"Amri zake zilitegemea kifurushi cha zamani cha programu, baba," Tunu akamwambia mzee. " Nimekitafuta kila mahali, hakipo."

"Ziandike upya, mwanangu."

"Nitaziandika. Lakini hapa naona jina la amri tu, 'herufi ya saba'. Ilitamkwaje, ili nijue niichoreje? Una madaftari uliyoandikia maneno?"

"Yote yameliwa na mchwa."

"Nani mwingine anaisema lugha hii?"

"Nimebaki mimi."

Mzee alifumba macho, akatamka neno moja lenye herufi hiyo. Akatikisa kichwa, akalitamka kwa namna nyingine, halafu ya tatu. Alipofumbua macho yalikuwa yamelowa.

"Ipi kati ya hizo?" mzee akamuuliza Tunu.