Mteja wa Mwisho wa Mwezi

Kwa mara ya nne mfululizo, fundi cherehani alikopa pesa asizozihitaji.

Alipanga foleni kwenye chama cha mikopo, akatia sahihi, akapokea, na muda ulipofika akarudisha pamoja na riba. Ndivyo alivyoelekezwa. Miaka tisa nyuma alimdhamini shemeji yake, shemeji akayeyuka, na chama hichohicho cha mikopo kikaja kubeba vyerehani vyake viwili, kimoja kikiwa bado na gauni la watu chini ya sindano. Deni akalilipa lote kwa kushona kwa mkono. Alipomaliza akaenda kuomba mkopo wa nyumba, akaambiwa jina lake halina historia ya mikopo.

Ukidaiwa, huaminiki. Ukimaliza kulipa, hujulikani.

"Kopa kidogo, lipa, kopa tena," afisa mikopo alimshauri. Watu wa foleni walimpachika jina la Bwana Nidhamu. "Tukuone tabia, mama. Pesa ni nidhamu."

Sasa siku ya kuomba tena mkopo wa nyumba ilikuwa imefika. Muuguzi mstaafu aliyekuwa akiuza nyumba ya vyumba viwili na jiko lake alisema angesubiri mpaka Ijumaa tu. Kulikuwa na mnunuzi mwingine. Fundi, mama yake mzazi na cherehani kipya walikuwa wakilala chumba kimoja, na cherehani ndicho kilichopewa upande wa dirisha.

Meneja, mwanamke aliyehamishiwa hapo wiki mbili tu zilizopita, alifungua jalada. Bwana Nidhamu aliketi pembeni akisoma kalenda ya ukutani.

"Malipo safi," meneja alisema. "Hujachelewa hata siku moja. Ila kushona peke yake hakufikishi akiba hii. Kuna pesa hizi zinazoingia kila mwisho wa mwezi. Hapa pameandikwa 'biashara ndogondogo'. Nani kaandika?"

"Mimi," alisema Bwana Nidhamu. "Mambo madogo hayo, bosi. Tupitishe tu, watu wako wengi nje."

"Ngoja kwanza. Dada, ni za nini?"

"Za mteja wangu mmoja," fundi alijibu.

"Unamshonea nini?"

"Huyo simshonei, namkopesha. Mliniambia nikope. Sasa nikizipeleka nyumbani zikakae kabatini, zitazaa?"

Meneja aliuma mdomo asicheke. "Kwa hiyo unachukua zetu, unamkopesha yeye."

"Kwa riba kubwa kidogo kuliko yenu."

"Na analipa?"

"Ana maneno mengi. Mshahara ukitoka Ijumaa, Jumatatu yuko mlangoni kwangu na msiba wa mjomba. Wajomba zake wameshakwisha wote. Lakini nikimwambia nitampigia simu ya kazini kwake, analipa siku hiyohiyo."

Meneja alimgeukia afisa wake. "Wewe mzoefu. Mtu kama huyo ungemkopesha?"

"Hata senti," alisema Bwana Nidhamu.

"Hata mimi." Meneja alifunga jalada, akaliwekea kiganja juu. "Dada, mkopo wako naweza kuupitisha leo. Lakini sipitishi pesa nisizojua zilikotoka. Nataka barua. Huyo mteja aandike kwa mkono wake: anakukopa tangu lini, kiasi gani, na anafanya kazi wapi. Bila barua, hakuna nyumba. Utampata kabla ya Ijumaa?"

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

"Hilo aseme mwenyewe," alisema.

Nje, mtu wa kwanza kwenye foleni aligonga mlango, akaambiwa asubiri.

Bwana Nidhamu alilegeza tai, akachomoa karatasi nyeupe kwenye mashine ya kuchapia, akaandika tarehe ya siku hiyo, na chini yake akaanza: "Mimi niliyetia sahihi hapa chini, afisa mikopo wa chama hiki, nakiri kwamba…"