Shati Ndani ya Mfuko

Kila miwarobaini ilipochanua, Bi Mwanakheri alipiga chafya msimu mzima bila kutafuta dawa. Mwaka huu alikwenda duka la dawa.

“Ni vumbi la maua, mama,” alisema muuza dawa. “Funga madirisha, osha pua kwa maji ya chumvi, na umeze kidonge kimoja kila jioni.”

“Pua itazibuka lini?”

“Mbona haraka? Umealikwa pilau?”

“Nina shati la marehemu mume wangu. Naogopa harufu yake itaisha kabla sijaisikia tena.”

Muuza dawa aliacha kucheka, akampa mfuko wa nailoni. “Lifunge humu kwanza.”

Bi Mwanakheri alilifunga, na tangu hapo kila alfajiri alijaribu pua yake kwa karafuu. Asubuhi moja karafuu ikanukia, kwa mbali. Alivuta mfuko mapajani, akashika fundo.