Nyumba Moja Imezidi

Asubuhi hiyo Silasi, balozi wa shina la nyumba kumi, alizunguka mtaa wake wa Manyamanyama akitafuta nyumba ya kupunguza.

Kesho yake Bwana Afya angekuja kukagua vyoo. Shina litakalofika asilimia themanini, yaani nyumba nane katika kila kumi, litapewa unga wa yanga, ule wa njano. Lisilofika, watoto walale na maji ya moto. Shina la Silasi lilikuwa na nyumba kumi na vyoo saba. Nyumba tatu zilikaa juu ya jabali. Ukipiga jembe linalia kama kengele ya kanisa.

"Vyoo haviongezeki," Silasi aliwaambia majirani. "Basi tupunguze nyumba."

Gati, mmoja wao, akauliza kwani kuna aliyekufa, si wanaendaga vichakani siku zote. Silasi akamjibu kwamba kichaka hakina asilimia.

Akaanza na Petronila, mjane wa jabalini. Akamshauri ahamie kwa Matiko, aliyefiwa na mke. Alikisifu sana choo cha Matiko, mlango wa bati, hewa inapita, kama mtu anayekijua vizuri kwa ndani.

"Kwa hiyo, shemeji, unaniozesha kwa choo," Petronila alisema.

"Kwa unga," Silasi akamsahihisha.

Petronila akawaza kidogo, akakusanya masufuria. Kufika saa sita alikuwa anafagia uwanja wa Matiko, na Matiko kavaa shati la Jumapili.

Saba kwa tisa. Silasi akaandika kwa mkaa mlangoni pa Gati, akagawanya, akafuta, akagawanya tena. Sabini na saba na ushei. Watu wakaguna. Mmoja akaomba hizo asilimia mbili na ushei zilizopungua Bwana Afya awakopeshe.

Silasi akawaeleza polepole: itoke nyumba moja zaidi, saba kwa nane inapita themanini. Jabalini zilibaki mbili. Ya Shida ina mama mgonjwa, hanyanyuki. Ya pili hakuitaja. Wenye vyoo nao walishaapa, kila mmoja, kwamba kwake hapana nafasi ya kuweka hata ungo.

Wakapiga kura ni nyumba ipi ivuke barabara, iingie shina jirani. Mikono ikapanda yote isipokuwa mmoja. Gati akamwambia balozi, hiyo nayo imepita themanini.

Jioni kitanda kikavushwa barabara, kuku wakabebwa miguu juu. Hata mlango uling'olewa, pasije pakaonekana bado ni nyumba. Silasi, kiongozi wa watu, alibeba godoro lake kichwani.

Ng'ambo, Stanislausi, balozi wa shina la huko, alikuwa amesimama katikati ya njia, chaki mkononi.

"Usitue kwanza, Silasi," akasema. "Huku tuko themanini kamili. Unahamia na choo, au hivyohivyo?"