Barua ya Reli

Awoi aliinua gunia la makaa, akaikuta barua ya reli chini yake, imekunjwa mara nne.

Aliijua kwa muhuri wake mwekundu. Hakuweza kuisoma, ilikuwa ya Kiingereza, na hata ingekuwa ya Kiswahili asingeiweza. Lakini siku ilipoletwa, binti yake Abei alimsomea. Kati ya vijana arobaini waliofanya mtihani Lodwar, Abei alikuwa wa kwanza. Chuo cha reli kilimtaka Nairobi, afunzwe miaka miwili kukagua njia za treni, kisha apewe kazi. Mwisho wa kujibu ulikuwa Ijumaa.

Leo ilikuwa Jumatano, na binti yake alikuwa nje akijaza makaa kwenye mikebe.

Alipoulizwa, Abei alisema bila kugeuka kwamba reli si kazi yake. Vyuma, jua, na watu usiowajua. Juzi alikuwa amesema Nairobi kuna baridi.

"Na nikienda, nani atakubebea makaa?" akaongeza.

Neno hilo lilimchoma Awoi. Tangu goti lake livimbe, Abei ndiye aliyebeba makaa kutoka kwao, pembeni mwa mji wa Kakuma, hadi kambi ya wakimbizi, asubuhi na jioni. Msichana aliyemaliza kidato cha nne.

Na si makaa tu. Rafiki yake alipoolewa Kitale, Abei hakwenda; alisema mama hawezi kuachwa. Wenzake walipokwenda kupiga kura, alibaki nyumbani akimkanda goti. Kazi ya dukani Lokichoggio aliiacha kabla hajaianza. Kila mara ni goti. Awoi alilitazama goti lile kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyekula nguo zake.

Jioni alikuja Immaculée, Mrundi wa kambini aliyenunua makaa kwao kwa miaka mingi. Yeye hakuwa mtu wa kunong'ona kama majirani wengine.

"Mama Abei, ukimkalia huyu mtoto, hata mbuzi wako watakucheka. Wamebaki wangapi?"

"Watatu."

"Basi watatu watakucheka."

Abei alitabasamu kidogo, kisha akaingia ndani na kukaa huko mpaka mgeni alipoondoka. Awoi hakutabasamu. Alikuwa akijiuliza ni mama gani anayekula maisha ya mtoto wake huku anamwona.

Alhamisi alfajiri alisema anakwenda zahanati. Badala yake alidandia lori lililotoka Lokichoggio, barua akiwa ameificha kifuani, na jua lilipokuwa kali alikuwa amefika Lodwar. Njiani alikuwa ameshapanga yote. Angesema Abei amekubali. Yeye mwenyewe angehamia Kalokol kwa dada yake, amsaidie kuanika samaki. Kazi ile mtu anaweza kuifanya amekaa. Mtoto akikuta nyumba tupu, atakosa sababu ya kubaki.

Katika ofisi ya vijana alimkuta Lokaale, karani aliyeandika majina ya wale wa reli. Wakasalimiana, ejok, ejok noi, naye akampa kiti. Alipoisoma barua, akauliza yeye ni nani wa msichana huyo.

Aibu ilimshika Awoi. Angesemaje kwamba yeye ndiye mama aliyemfunga mtoto kwenye goti lake? Akasema ametumwa na watu wa nyumbani, kuja kuikubali nafasi.

"Nafasi ipo," Lokaale alisema. "Lakini yeye alishaikubali zamani. Mwezi huu amekuja mara tatu kutuomba tusimpe mtu mwingine."

Awoi alimwambia labda huyo ni msichana mwingine. Lokaale akafungua faili, akamwonyesha picha. Alikuwa Abei, amesuka nywele vizuri, amevaa blauzi ambayo Awoi hakuwahi kuiona.

Tatizo, karani alieleza, ni kitambulisho. Chuo hakimpokei mtu bila kitambulisho cha Kenya, na barua yenyewe ilisema hivyo mstari wa tatu. Abei alikwenda kukiomba tangu alipotimiza miaka kumi na minane, akakataliwa. Alama za vidole vyake zinasema yeye ni mkimbizi. Mwaka wa ukame mkubwa, akiwa na miaka saba, aliandikishwa kambini ili apate chakula. Watoto wengi wa Kiturkana waliandikishwa vile. Sasa wamekuwa watu wazima, na mashine haijasahau. Hawapigi kura, hawaajiriwi, hawatoki nje ya Turkana wakiogopa polisi.

Awoi alishika ukingo wa meza. Alikumbuka foleni, na mkono mdogo ndani ya mkono wake, mkavu kama kijiti. Alikumbuka uji wa kwanza baada ya siku nyingi, na jinsi alivyomshukuru Mungu. Hakuwahi kuliita lile kosa.

"Haiwezi kufutwa?" aliuliza.

"Inafutwa. Mzazi aliyempeleka anakuja hapa, anaapa kuwa huyu ni Mturkana na alimwandikisha kwa sababu ya njaa. Basi, jina linatolewa. Wengine hawaji, wanaogopa watashtakiwa kwa kudanganya."

"Na huyu?"

Lokaale alivua miwani, akaipangusa kwa shati.

"Huyu hana wa kuja. Nimemuuliza mara tatu, na mara tatu ameapa vilevile: mama yake alikufa njaa ukame ule, na kwenye foleni alikwenda peke yake."