Marufuku Kubweka

Kibao kwenye geti la ofisi kiliwakataza watu kubweka.

NO BARKING, kilisema kwa rangi nyekundu. Fundi aliyekichora alisoma kwa Kiarabu, lugha isiyo na sauti ya p, basi p ya "parking" ikageuka b, na madereva wa mtaa wa Thongpiny, jijini Juba, wakaambiwa wasibweke badala ya kuambiwa wasiegeshe. Wakaendelea kuegesha, kimya kimya.

Fulgensio alikutana na Tisa chini ya kibao hicho, siku yake ya kwanza kazini. Huyo Tisa alikuwa dada wa mapokezi, kitenge cha manjano, anamfokea dereva wa lori, kidole kwenye kibao: "Blease, my friend, no barking!" Dereva akacheka. Fulgensio naye akacheka, kisha roho ikamsuta. Juba ilikuwa imemchapa vya kutosha: kibanda chake cha chapati kiliungua, bodaboda yake ikaibwa mchana kweupe. Kitu pekee kisichoungua wala kuibwa ni Kiingereza alichokuja nacho kutoka Masaka. Akaona asimnyime mwenzake.

"Dada, ni p. Puliza kama unazima mshumaa. Parking."

Tisa akamtumbulia macho. "Barking," akasema taratibu. "Like this, ustaz?"

Ndivyo masomo yalivyoanza, kila saa ya chai, kwenye benchi nyuma ya jenereta. Tisa alikuwa na makosa yote ya mtu aliyesoma kwa Kiarabu. "Is" na "am" alizimeza kama vidonge: I busy, the boss angry. Gari kwake lilikuwa "she", ofisi "she", mpaka mashine ya fotokopi "she", maana Kiarabu hakiachi kitu bila kukipa jinsia. Fulgensio akiziba ufa huu, unafunguka ule. Hata alipomwambia, "Sasa umeiva, tuache masomo," kesho yake asubuhi b zote zilirudi, tena zimekuja na ndugu zao.

Charity wa stoo alikuwa akipita na kikombe chake, anatikisa kichwa. "Ustaz, una moyo wewe. Hata punda saa hizi angekuwa amefuzu."

Tisa akamkanyaga Charity mguu.

Moyo Fulgensio alikuwa nao kweli, na ndio uliomsumbua. Siku moja yeye na Tisa walitumwa madukani mtaa wa Hai Jalaba kununua karatasi. Muuzaji akawamiminia Kiarabu. Tisa akamfinya Fulgensio kiwiko.

"Ongea wewe, ustaz. Wewe ndiye mwanaume."

Fulgensio akapapasa Kiarabu chake cha kuokoteza, akapigwa bei ya mgeni, akarudi ofisini kifua mbele. Heshima gani ile! Mwanamke anakuachia neno wakati angeweza kulisema mwenyewe.

Kisha likaja tangazo. Madam Flavia, mkurugenzi mpya, anafika Ijumaa kutoka Kampala. Kila mfanyakazi atahojiwa kwa Kiingereza. Atakayeshindwa, mkataba wake unaishia hapo.

Fulgensio hakuweza kula. Tisa alikula sambusa yake, akala na ya Fulgensio.

"Why you worry, ustaz? I no worry."

"I am not worried! Am! Am!" Fulgensio alikuwa karibu kulia.

Ijumaa aliomba aingie wa kwanza. Kiti alichoonyeshwa hakukikalia.

"Madam, kama ni lazima mtu aondoke, ondoa mimi. Mimi nimezoea kuanguka. Yule Tisa wa mapokezi muachie kazi yake. Kiingereza kinampa shida, lakini shida ni Kiarabu, si akili."

Madam Flavia akaweka kalamu chini. "Tisa? Huyu wa kitenge cha manjano?"

"Huyo huyo. Nimemsomesha mwenyewe. Mpaka leo 'is' zinamkimbia."

Madam akakohoa. Akanywa maji, akakohoa tena. "Haya, toka. Niitie huyo Tisa."

Fulgensio akabaki nje, sikio ukutani. Plaiwudi haijui kutunza siri, lakini maneno hakuyasikia. Alisikia kicheko cha Madam, kirefu, kinapanda kinashuka. Damu ikamchemka. Mtoto wa watu anachekwa usoni! Kazi na iende, akashika kitasa.

Mlango ukafunguka kabla hajausukuma. Madam alikuwa anajifuta machozi, mkono wake mwingine begani kwa Tisa.

"Fulgensio, huyu tulikaa naye dawati moja Kampala tangu chekechea. Insha zangu za Kiingereza alikuwa anasahihisha yeye. Kiarabu ndicho kinampiga chenga."

Akarudi ndani, bado anacheka. Tisa akabaki mlangoni, macho chini, anasokota ncha ya kitenge.

"Ustaz," akasema, "tomorrow Saturday. I free."

Fulgensio akafungua mdomo amsahihishe. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Me also free," akasema. "And I very, very habby."