Doa Lisilofutika

Shamte aliipanga mishale ya saa ionyeshe saa nne na dakika kumi, kama wapiga picha wote wa saa wafanyavyo, ili saa ionekane kama inatabasamu. Akaizungushia karatasi nyeupe kuzuia mng'ao wa dirisha, akasogeza lenzi. Kioo cha saa kilikuwa na doa. Akalifuta kwa kitambaa laini, akachungulia tena. Doa lilikuwa palepale.

"Nani atanunua saa chafu?" aliuliza Mwanaidi, mwenye saa.

Shamte akapiga picha, akaikuza kwenye skrini. Kumbe ilikuwa mistari ya kidole gumba, na kovu jembamba limeikata katikati.

"Dada, hii alama iko ndani ya kioo. Nani aliifungua saa mara ya mwisho?"

"Marehemu baba. Alikuwa fundi saa. Patasi ilimkata gumba akiwa kijana."

"Basi niifungue saa, niifute alama. Si kazi kubwa."

Mwanaidi aliitazama picha, kisha akaweka kidole gumba chake juu ya kioo, taratibu, mpaka kikaifunika alama yote.

Shamte akarudisha jicho kwenye kamera. Ncha za mishale zilichungulia pande mbili za kidole.